Msumari wa Karani

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo saa tatu asubuhi, na saa tatu na robo Mama mkwe akanikabidhi duka. Si moja kwa moja. Alikaa kwenye kiti chake cha plastiki karibu na mlango, akanyoosha lile goti linalomsumbua, akasema kama mtu anayeagiza sabuni: "Msimu huu kaunta utakaa wewe. Mvua zikiisha na misumari haijapungua, duka ni lako. Ikipungua, chumba nampangisha muuza simu, mimi nikapumzike."

Misumari ndiyo hesabu ya Mama. Iko arobaini na mmoja ukutani nyuma ya kaunta, na kila mmoja una mwenyewe, yaani mteja wa kudumu ambaye nguo zake zikishafuliwa na kupigwa pasi huning'inizwa hapo na si kwingine. Wapita njia huwekewa zao kwenye rafu. Mama haandiki jina la mtu popote. Ukimuuliza wa tatu kutoka dirishani ni wa nani, anakujibu kabla hujamaliza swali.

Mimi nina cheti. Mwaka jana nilihudhuria semina ya siku mbili ya kujenga sura nzuri ya biashara na kudumu na wateja, na daftari lake ninalo, limejaa mistari niliyoipigia mara mbili. Miaka sita nimekaa uani na mabeseni nikingoja nafasi ya kulitumia. Shajara hii nimeinunua leo ili niandike mambo yanavyokwenda, maana mimi nisipojua kitu sina raha, na nikikijua nisipokisema ndiyo kabisa.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Mashuka ya nyumba ya wageni hayajakauka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepaka bango rangi upya. Nimeweka viti viwili vya kusubiria na pazia zito kati ya kaunta na meza ya pasi. Pia nimeanza kumuuliza kila mteja habari ya jambo lake mwenyewe, kwa sababu daftari linasema mteja apende kuja mahali anapojulikana. Dereva wa lori nimemuuliza hali ya mgongo, maana suruali zake zinanukia dawa ya kuchua. Alicheka, akashangaa nimejuaje. Siku nzima nimetembea kifua mbele.

Kimya aliendelea na pasi yake. Kimya ni mpiga pasi wetu, ana miaka kumi na minane kwenye meza ile, na jina hilo alipewa na wateja. Nikamuuliza, "Kaka Kimya, kwani huoni mabadiliko?"

"Nayaona, shemeji. Rangi bado mbichi, usiegemee."

Nilikuwa nimeshaegemea.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua kutwa. Tumeanika hadi kwenye korido, ukipita unapigwa kofi na soksi. Lile duka jipya la ng'ambo ya barabara lina mashine za kukaushia, nguo inaingia asubuhi inatoka mchana. Nimewahesabu walioingia kule: kumi na wawili. Hakuna wa kwetu hata mmoja.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepata kitendawili.

Kila Jumatatu saa moja na nusu anakuja Karani na mashati matano meupe. Anafanya kazi ofisi ya maghala, miaka na miaka, na mtaa mzima ukiwa na fomu ya kujaza au barua ya kuandika unapita kwake jioni. Msumari wake ni wa kwanza kabisa, na Mama anasema nusu ya ile mingine aliileta yeye kwa mdomo wake. Akimsifia mtu fundi, yule fundi hakosi kazi.

Sasa, leo nimegeuza kola zake kabla ya kuloweka. Hazina hata mstari. Kola ya mtu anayekwenda kazini ina mstari wa jasho, hata awe ameoga mara tatu. Mikono nayo haina alama ya meza wala wino. Nimemwonesha Kimya. Ameitazama ile kola, akanitazama na mimi, akarudi kwenye pasi yake.

Jumatano, 12 Machi

Nimefikiria labda amepandishwa cheo, anakaa chumba chenye kipoza hewa. Labda anavaa fulana zenye kola ndani. Labda mkewe anayafua kwanza kwa aibu, kuna watu hufua kabla ya kupeleka kwa dobi. Nimempigia simu mume wangu, yuko safarini, akaniuliza kama hilo ndilo nililompigia.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeweka mtego. Chini ya kola huwa tunatia kipande cha karatasi ngumu ili isimame. Kwenye mashati ya Karani nimetia karatasi, nikaichora alama ndogo ya penseli kila moja. Kesho anachukua.

Ijumaa, 14 Machi

Amechukua. Mvua ya mawe kidogo. Mkunga wa mtaa wetu kaleta magauni manne ya kazini.

Jumatatu, 17 Machi

Leo asubuhi nilikuwa na furaha, au nilidhani ni furaha. Ngoja niandike yote.

Karani alikuja kwa wakati wake, akaufunga mwavuli, akauegemeza mlangoni. Mkunga alikuwa ameshakaa kwenye kiti kimoja cha kusubiria. Nikayapokea mashati, nikaingiza kidole chini ya kola ya kwanza. Karatasi yangu, alama yangu. Ya pili, hivyo hivyo. Zote tano. Hata mikunjo ilikuwa ya Kimya.

Kwenye daftari la semina kuna mstari nimeupigia mara tatu: mshangaze mteja kwa uaminifu wako. Nikasema, kwa tabasamu na sauti ya mtu anayetoa zawadi, "Bwana Karani, mashati haya hukuyavaa. Hii ni wiki ya pili naona, na leo nimehakikisha. Mimi siwezi kukutoza kwa nguo safi. Chukua tu, ukiyavaa utaleta."

Hakukasirika. Ningeelewa angekasirika. Alisimama mikono ikiwa bado juu ya kaunta, akamtazama Mkunga, Mkunga naye akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba. Kisha akayakusanya mashati moja moja, akayalinganisha pembe, akasema, "Nashukuru sana, dada." Akatoka kwenye mvua. Mwavuli akauacha.

Mama alikuwa kwenye kiti chake. Wakati wa kufunga aliniambia tu nishushe ndoo.

Jumanne, 18 Machi

Nimepeleka mwavuli ofisi ya maghala saa nne. Mlinzi akauangalia, akaniangalia. "Huyo mbona walimpunguza? Tangu mwezi wa kumi na moja. Walipunguzwa tisa." Akasema kwa huruma, kama mimi ndiye ndugu yake.

Nikasimama pale getini mvua ikininyeshea, na mwavuli mkononi sijaufungua.

Nikaupeleka nyumbani kwake. Mkewe alinipokea vizuri, akanifutia kiti. "Yuko kazini," akasema. "Siku hizi anatoka mapema, wana wakaguzi."

"Ndiyo, mama. Nilidhani nitamwahi."

Aliupokea mwavuli akauangalia muda mrefu. Sikujua anajua nini na hajui nini. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikutaka kujua.

Jumatatu, 24 Machi

Saa moja na nusu. Saa mbili. Saa tatu. Msumari wa kwanza uko mtupu.

Alhamisi, 27 Machi

Mkunga amesema. Sijui amesema nini hasa, lakini amesema, kwa sababu leo dereva wa lori kaja kuchukua suruali zake akaniuliza kwa kicheko kisicho cha kucheka: "Na mimi unanisomaje, dada? Nyumbani kwangu mambo vipi?" Akachukua na zile ambazo hazijakauka. Baada yake fundi rangi naye. Mwalimu wa sekondari alituma mtu. Jioni nimewaona wawili kati yao ng'ambo, kwenye duka la mashine.

Nilidhani watu watakimbilia mashine kwa sababu ya mvua. Kumbe wamekimbia macho yangu. Misumari mitupu ni sita.

Ijumaa, 28 Machi

Nimeandika barua ya kumwomba Karani radhi. Kurasa mbili. Mama ameiona kwenye kaunta, akaisoma yote, akaikunja, akaitia kwenye jiko la mkaa tunalokaushia soksi.

Jumatatu, 31 Machi

Hatimaye tumezungumza. Mvua ilikuwa kubwa mno hata mteja hakuweza kuvuka barabara, tukawa watatu tu. Nikamuuliza Mama kwa nini ameichoma barua yangu.

"Ungemwambia nini humo? Kwamba samahani nimejua huna kazi. Basi umemwambia tena."

"Kwa hiyo ulikuwa unajua."

"Tangu mwezi wa kumi na mbili."

"Na Kimya?"

Kimya akasema kutoka nyuma ya pazia, "Mimi hapa napiga pasi tu, shemeji."

Hasira zikanipanda, nakiri. Nikamwambia Mama kama angenieleza mapema haya yasingetokea. Akanigeukia na kiti chake chote. "Ningekueleza wewe, mwanangu, si tayari ningekuwa nimemsema mtu? Sijamwambia hata mumeo."

Sikukubali kirahisi. Nikamuuliza ni haki gani kumtoza mtu asiye na kazi kwa kufua nguo safi. Nilisema ni kama wizi, neno ambalo najuta kulitamka mbele yake. Hakuinua sauti. Alisema kila wiki ameyaloweka mwenyewe yale mashati, ameyafua kwa sabuni, ameyasuuza mara mbili, ameyaanika, na Kimya ameyapiga pasi kola kwanza, kama ya mtu anayekwenda kazini. "Alileta kazi, tukafanya kazi. Hatukumdanganya hata siku moja."

"Pesa anapata wapi?"

"Hilo hatukuulizwa."

Mama akalinyoosha goti lake. Kisha akasema maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema, maana hayamo kwenye daftari langu. "Mtu anatuletea nguo zake chafu. Hampi jirani, hampi hata dada yake. Anatupa sisi, na anatoka hapa kichwa juu. Hiyo ndiyo sura ya duka. Bango umelipaka vizuri, lakini wewe ulimvua yule bwana mbele ya Mkunga."

Nimelia. Mama aliniacha nilie, akaniambia nikimaliza nikageuze mashuka.

Jumanne, 1 Aprili

Nikauliza tufanyeje sasa. Mama kasema tungoje. Hakuna adhabu nyingine ungeweza kunipa mimi ikaniuma kama hiyo.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Misumari mitupu minane.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Kuna mteja mpya, bibi anayeuza maua, Kimya akazitundika nguo zake msumari wa kwanza kwa kuwa ni mtupu. Nikazihamisha. Kimya akapigilia msumari mwingine pembeni.

Jumatano, 9 Aprili

Nimeanza kuwaangalia hawa wawili upya. Miaka yote nilidhani Kimya hana la kusema. Leo nimemwona akikuta barua kwenye mfuko wa koti la mteja. Aliigeuza upande wa maandishi kwenye kiganja, akaitia kwenye bahasha, akaifunga, na macho yake muda wote yako dirishani. Nikamuuliza hajawahi kutamani kusoma. "Kila siku," akasema. Nimemwelewa kuliko nilivyowahi kumwelewa mtu.

Jana kuna mwanamke alikuja kuchukua nguo za mumewe, akaniuliza kwa upole kama nimeona chochote kwenye mashati. Nilikuwa nimeona. Nilimwambia vifungo viwili vilikuwa vinalegea na nimevikaza. Alinitazama, akaitikia kwa kichwa polepole, na nadhani alishukuru.

Jumanne, 15 Aprili

Hii ni ndefu, na chai imeshapoa.

Saa mbili kasoro mlango ukafunguliwa akaingia Karani. Maji yalikuwa yanamtiririka. Gari lilikuwa limemrushia tope kutoka kola hadi kiunoni, shati jeupe limekuwa kama ramani. Ana faili la plastiki, amelikumbatia ndani ya koti, halijalowa hata pembe. Mama alikuwa bado hajafika. Hakusalimu. Alisema, "Nina dakika ishirini na tano."

Kwa nini alikuja kwetu na si ng'ambo kwenye mashine? Kule mtu anasubiri kwenye benchi mbele ya dirisha la kioo, na hapa kuna pazia. Hilo nimelifikiria baadaye. Wakati ule nilinyanyua tu pazia akapita, nikampa shuka safi ajifunike, Kimya akalipokea shati kama aliyekuwa anamngoja tangu Machi. Maji ya moto, sabuni ya kipande, upande wa mbele tu na kola. Halafu taulo, halafu pasi. Mvuke ulijaa chumba kizima.

Na hapo akaingia Mkunga.

"Karani kapita hapa? Nimemwona kama yeye anavuka, kalowa chapachapa, kabeba faili. Anakwenda wapi saa hizi, na kazini kwake ni upande ule?"

"Mvua hii, Mama Mkunga, mimi naona miavuli tu."

"Wewe usione?" Akacheka. Alikuwa na haki ya kucheka. Akaegemea kaunta, akashusha sauti kidogo, si sana. "Hebu niambie ukweli. Siku ile ulisema hakuyavaa. Watu wanasema kaachishwa kazi. Ni kweli?"

Nyuma ya pazia pasi ilisimama. Kati yangu na yule bwana aliyekaa ndani ya shuka palikuwa na kitambaa tu, nilichokinunua mwenyewe.

Ningeweza kusema sijui. Mkunga asingeniamini, maana nilisema mwenyewe kwamba nimehakikisha. Ningeweza kusema hayo si mambo yetu, na hapo angekuwa ameshapata jibu. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Siku ile nilikosea. Nilichanganya vifurushi. Ijumaa ya kabla yake nilimpa mashati ya mteja mwingine, yeye akayarudisha bila kuyavaa, nami nikamwaibisha mtu wa watu bure. Ndiyo maana haji. Ningekuwa yeye na mimi nisingekuja."

Asiyefua nguo za watu hawezi kujua nimesema nini. Dobi anaweza kuchelewa, anaweza hata kuunguza, akalipa yakaisha. Dobi anayechanganya nguo amekwisha. Mkunga alijinyoosha taratibu. "Kumbe mnachanganya nguo hapa."

"Siku ile nilichanganya."

"Haya," akasema, akafungua kifurushi chake palepale akahesabu magauni, moja, mbili, tatu, nne, akanusa la mwisho kuhakikisha ni lake, akaondoka.

Pasi ikaendelea. Dakika tano baadaye Karani alitoka na shati jeupe, limekauka, kola imesimama. Hakunitazama usoni, wala mimi sikumtazama. Aliweka pesa juu ya kaunta, akafungua mlango wa uani ili asitokee barabarani, Kimya akamshikia mwavuli hadi kwenye kona. Natamani kujua lile faili lilikuwa la nini mpaka meno yananiuma.

Alhamisi, 17 Aprili

Habari zimefika kila nyumba. Leo kila anayechukua nguo anafungua kifurushi hapahapa kwenye kaunta anakagua. Foleni mpaka mlangoni. Mzee mmoja kapima suruali kiunoni mara mbili. Mama kaniita.

"Umesema tulichanganya nguo?"

"Ndiyo, Mama."

"Tulichanganya?"

"Hapana."

Miaka ishirini na miwili hajapoteza leso ya mtu. Alinitazama, nikangoja aniambie muuza simu anakuja lini. Akaniambia goti limezidi, nimletee maji ya moto.

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua kidogo. Misumari mitupu kumi na mmoja.

Jumatatu, 21 Aprili

Leo jua limewaka tangu asubuhi, mara ya kwanza kwa wiki saba. Uani tumeanika mashuka yote.

Saa moja na nusu walikuwepo watu watano kaunta, kila mmoja na kifurushi wazi, Mkunga mbele yao akihesabu. Karani akaingia. Akapita pembeni ya foleni, akaweka mashati matano juu ya kaunta, na pembeni yake nikaweka koti lake la sherehe aliloliacha zamani, tulilokuwa tumelihifadhi kabatini. Kimya akalikunjua alione.

"Likague, Bwana Karani," nikasema. "Kila mtu anakagua."

"Mimi hapa sihesabu," akasema. Hakupaza sauti, lakini sauti yake ni ya mtu aliyezoea kuwasomea watu barua. "Nimeleta nguo humu miaka kumi na tano. Sihesabu." Akalikunja koti, akalitia kwapani.

Mkunga alikuwa na gauni la tatu mkononi. Alilirudisha kwenye kifurushi, la nne hakuligusa, akafunga fundo. Fundi rangi, aliyekuja tu kuulizia bei, akainamisha macho.

Nikayavuta mashati kwangu. Vidole vyangu vilikuwa pale kwenye kola, na jua lilikuwa linaingia dirishani vizuri kabisa kwa mtu anayetaka kuangalia. Nikayaviringisha, nikayafunga kwa kamba, nikayaweka chini ya kaunta. "Ijumaa," nikasema.

"Ijumaa," akasema. "Nitayapitia nikitoka kazini."

Akatoka kwa mlango wa mbele.

Mama akainuka kwenye kiti chake, akachukua mkoba. Nikamwambia bado mapema, na leo mvua ndiyo zinaonekana kuisha, hatujahesabu misumari. Thelathini na mmoja, nadhani, ukimtia Karani.

"Hesabu wewe mwenye duka," akasema. "Mimi nyumbani kwangu sina misumari." Akavuka barabara polepole na lile goti, magari yakimngoja.

Kimya akaniuliza yale mashati ayatie kwenye maji au vipi, kwa sababu yeye hajayaangalia.

"Loweka, kaka," nikamwambia. "Usiyageuze."